King hakutishi tena? Mtafute mzimu mwenye dai

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Moshi, kwetu ni Kibosho. Mchana kibandani ni kelele, lakini usiku nikisubiri wateja wa mwisho huwa nasoma hadithi za kutisha. Nimeshasoma vitabu vitano vya Stephen King nilivyovipata kwa wauza mitumba. Cha kwanza kilinifanya nilale taa inawaka. Cha tano nimekisoma huku nakula mishikaki, na sikubakiza hata mmoja. Nimekuwa sugu? Wapenzi wa hadithi hizi wanasoma nini siku hizi, na wanaelekezana vitabu gani? English yangu ni ya kidato cha nne. Halafu mbona kwa Kiswahili hakuna? Mke wangu naye anauliza kama vitabu hivi vinaleta majini ndani ya nyumba.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msalimie mkwe. Swali lake nitalijibu mwishoni, maana ni gumu kuliko yako yote.

Nianze na mishikaki. Huumwi. Kusoma vitabu vitano vya mwandishi mmoja mfululizo ni sawa na kula kwa mama ntilie mmoja mwezi mzima: chakula hakijaharibika, ila ulimi umeshajua pilipili itakuchoma kijiko cha ngapi. King ana mwendo wake na wewe umeushika. Mji mdogo wa Maine, jimbo la Marekani, ambako kila mtu anamjua mwenzake, mtoto anayeona wasichokiona wakubwa, baba mwenye chupa, na kitu cha kale kinachosubiri chini ya ardhi. Kitabu chake cha kwanza, Carrie, kilitoka mwaka 1974 na mpaka leo anaandika, kwa hiyo ukimfuata yeye peke yake utazeeka naye. Mpumzishe. Utamrudia.

Sababu ya pili nimeiona kwenye maneno yako matatu: kwetu ni Kibosho.

Hadithi ya nyumba yenye mizimu, ile ya Kimarekani, imesimama juu ya hofu moja. Familia imepata nyumba kwa bei ya kutupa, imehamia, kumbe mle ndani kuna marehemu wasiyemjua. Basi. Ukiondoa hapo, nyumba yote inaanguka. Sasa wewe umelelewa kihambani, kwenye shamba la ukoo la Kichagga. Babu yako yuko pale, hatua chache kutoka jikoni, katikati ya migomba, na bibi yuko ubavuni kwake. Watoto wanacheza juu ya zege la kaburi, na siku ya jua mtu anaanika kahawa hapo hapo. Ukiona isale, ule mmea wa kuwekea mpaka na kaburi, limesimama mahali pasipo mpaka, huulizi, unajua kuna mtu. Utatishwaje na nyumba yenye marehemu? Kwenu nyumba isiyo na marehemu ndiyo ya kutilia shaka, maana mtu atauliza hawa wametoka wapi.

Mtu wa kihambani hamwogopi marehemu kwa sababu ni marehemu. Anamwogopa marehemu mwenye dai: aliyedhulumiwa shamba, aliyezikwa ugenini, aliyekufa kabla hajasema neno lake. Na bahati yako ni nzuri, kwa sababu huko ndiko hadithi za kutisha za Kiingereza zilikoelekea miaka hii ya karibuni. Vingi vya vitabu ambavyo wapenzi wanasukumiana mikononi sasa vina mzimu wa namna hiyo. Haruki kutoka kabatini. Anakuja na hesabu yake.

Anza na How to Sell a Haunted House cha Grady Hendrix, cha mwaka 2023. Louise anaishi San Francisco. Mdogo wake, Mark, anampigia simu kwamba wazazi wao wamefariki kwa ajali ya gari. Anarudi nyumbani Charleston, South Carolina, na vita vinaanza: nani auze nyumba, nani alipendwa zaidi, nani alipewa hela za mradi akazimaliza. Mama yao alikuwa mtengeneza vikaragosi, nyumba imejaa macho ya plastiki kila kona, na mlango wa kwenda darini umepigiliwa mbao. Sehemu ya kwanza utadhani unahudhuria kikao cha ukoo siku ya tatu baada ya mazishi. Mimi ni Mpare, na sisi tunasemwa kwamba mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nilizisoma kurasa zile nikicheka peke yangu dukani. Kisha akaingia kikaragosi mmoja anayeitwa Pupkin, na kicheko kikaisha. Sikwambii zaidi. Sentensi ni fupi, mazungumzo ni mengi, English ya kidato cha nne inatosha kabisa. Na mtu ambaye kila Desemba anapanda Kibosho kukuta ndugu wanapimana kwa macho mpaka wa shamba hahitaji kutafsiriwa.

Ukikimaliza, hapo ndipo uende kwa Stephen Graham Jones. Huyu ni wa taifa la Blackfeet, wenyeji wa asili wa Montana huko Marekani, na kitabu chake The Buffalo Hunter Hunter tangu kitoke mwaka 2025 kimekuwa midomoni mwa kila mpenzi wa hadithi hizi. Inapatikana shajara ya mchungaji wa Kilutheri iliyofichwa ukutani. Ni ya mwaka 1912. Ndani yake mchungaji ameandika habari za mtu mmoja wa Blackfeet, jina lake Good Stab, anayekuja kanisani kwake na kumsimulia maisha yake kidogo kidogo, kama mtu anayeungama. Good Stab ni mnyonya damu. Lakini usifikirie yule bwana wa jumba la kifahari mwenye joho. Huyu ana sheria moja, na mimi nilipoifikia niliweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai: anageuka kuwa kile anachokinywa. Akinywa damu ya wazungu kwa muda, anaota ndevu na kuanza kufanana nao. Akitaka kubaki mtu wa kwao, inambidi anywe damu ya watu wa kwao.

Kaa na hiyo kidogo kabla hujaendelea.

Nyuma ya hadithi kuna jambo lililotokea kweli. Tarehe 23 Januari 1870 wanajeshi wa Marekani walivamia kambi ya Blackfeet kando ya mto Marias, baridi kali, alfajiri, wakaua karibu watu 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hapo ndipo dai la Good Stab linapotokea, na utamu wa kitabu (kama utamu ndilo neno) ni kumwangalia mchungaji akielewa polepole kwa nini mgeni huyu amechagua benchi la kanisa lake na si la mwingine.

Wewe utakielewa kwa namna ambayo msomaji wa Chicago hawezi, kwa sababu unamjua mumiani. Sisi tuliitwa ndani jioni kwa jina hilo. Kamusi za zamani zinasema mumiani ni dawa nyeusi inayofanana na lami. Neno lenyewe asili yake ni Uajemi, kwenye mum, yaani nta, na ni ndugu wa mummy, neno ambalo Waingereza wanaziitia maiti zilizokaushwa za Misri. Watu wetu wakaongeza yaliyobaki: kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na kwamba wako wanaolipwa kuikusanya usiku. Enzi za mkoloni, Nairobi na Kampala walioshukiwa walikuwa wazima moto. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo mwaka 2000, na haichukulii kama ujinga wa watu wasiosoma. Anaisikiliza kama namna watu walivyousema utawala uliowakalia. Jones anafanya jambo hilo hilo kwa njia ya hadithi. Mnyonya damu ndiye shahidi.

Nikutahadharishe tu: English yake ina milima. Mchungaji anaandika kwa lugha ya zamani yenye mikogo, na Good Stab anawaita wanyama kwa majina ya kwao, kwa hiyo ukikutana na "blackhorns" jua ni nyati. Weka karatasi pembeni uandike majina hayo. Baada ya kurasa hamsini utakuwa umezoea. Kama bado kinakushinda, kuna kingine chake cha mwaka 2020, The Only Good Indians: marafiki wanne wanawinda mahali walipotengewa wazee, wanaua paa mkubwa jike mwenye mimba, na miaka kumi baadaye jike anarudi. Kwa mtu aliyekua akiambiwa kuna miti haikatwi na kuna misitu haiingiwi, hakuna la kufafanua.

Kitabu cha tatu nakipendekeza huku nikisita, si kwa ubaya wake. The Reformatory cha Tananarive Due, cha mwaka 2023, kilichopata tuzo ya Bram Stoker, ambayo ndiyo kubwa kwa waandishi wa fani hii. Florida, 1950. Robert, mtoto mweusi wa miaka 12, anampiga teke kijana wa kizungu aliyekuwa akimsumbua dada yake. Anapelekwa shule ya maadilisho. Robert anaona mizimu, na shule ile imejaa mizimu ya wavulana. Mkuu wa shule akishajua, anataka kumtumia kuikamata. Shule ya kweli iliyozaa hadithi hii ni Dozier, mjini Marianna, iliyofungwa mwaka 2011. Eneo la makaburi lilikuwa na misalaba 31. Watafiti wa chuo kikuu walipochimba walikuta makaburi 55. Na ndugu wa babu yake mwandishi, Robert Stephens, alifia pale mwaka 1937 akiwa na miaka 15. Due amempa mtoto wa hadithini jina hilo.

Nimefundisha shule za bweni miaka 22. Nilipokuwa nakisoma sikuogopa mizimu hata mara moja. Niliogopa kila funguo zilipolia kwenye korido. Kama una mtoto aliye bweni, kisome likizo, akiwa nyumbani.

Vingine nitavipitia haraka. Mariana Enriquez wa Argentina anasifiwa sana kwa Our Share of Night, lakini ni kinene na kina giza la kukaa nalo miezi. Wewe anza na hadithi zake fupi, Things We Lost in the Fire. Ziko 12, moja kwa usiku mmoja. Argentina ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi kuanzia 1976 hadi 1983, maelfu wakachukuliwa na hawakurudi, na ukisoma huku unalijua hilo utaona kwa nini nyumba zake humeza watu. T. Kingfisher, What Moves the Dead, cha mwaka 2022: hakifiki kurasa 200, kimejengwa juu ya hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839, na kinahusu uyoga. Ndiyo, uyoga. Kisome kabla ya masika. Nuzo Onoh, Mnaijeria wa Kiigbo, amepewa na wenzake wa tuzo ya Stoker heshima ya mchango wa maisha. Where the Dead Brides Gather, cha mwaka 2024, kina maharusi waliokufa na mtoto wa kike wanayemsumbua. Pale hutahitaji kueleweshwa mahari wala ukoo.

Wako pia wanaopenda vitabu vya kuchinjana mwanzo mwisho. Vina wateja wengi na siwalaumu. Mimi navichoka mapema kama ulivyochoka wewe cha tano, kwa sababu baada ya utumbo wa tatu unabaki unahesabu kurasa.

Sasa Kiswahili. Unaposema hakuna, nakukatalia. Vipo, ila havikai kwenye rafu yenye jina hilo. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960. Maiti inakutwa penye mzimu, yaani mahali pa tambiko, kijiji kizima kina jibu tayari, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na kukataa jibu hilo. Ni cha upelelezi, lakini zile kurasa za mwanzo zisome usiku. Said Ahmed Mohamed ana Babu Alipofufuka, cha 2001. Mkubwa mmoja aliyeshiba jasho la watu anatembelewa na babu yake aliyekufa, na babu hakuja kunywa kahawa. Unaona? Mzimu mwenye dai, kwa Kiswahili, zaidi ya miaka ishirini kabla ya mnyonya damu wa Montana.

Halafu kuna hizi simulizi za kwenye simu, ambazo wewe kama fundi unazifuta kila siku ukisafisha memori za watu. Sehemu ya 14, "itaendelea", tuma hela upate zilizobaki. Nazisoma, na wale vijana wanajua kumning'iniza msomaji kuliko wengi waliosomea. Ninachowalaumu ni kimoja: mchawi wao anaroga kwa sababu ni mchawi. Hana alichonyimwa. Ndiyo maana ukimaliza sehemu ya 60 hulali na chochote.

Malighafi tunayo, tena ya kutosha nchi nzima. Pemba mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi kwa kumhofia popobawa, pepo anayesemwa huvamia watu usiku vitandani. Na hapo ulipo wewe, panda Old Moshi uone mahali Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliponyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023, kule Berlin, vinasaba vya fuvu moja vililingana na vya mzao wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe bado linatafutwa. Nyumba ya makumbusho, sanduku lenye namba, mlinzi wa usiku, na mtu anayeongea Kichagga ndani ya sanduku. Nimeshaisoma riwaya hiyo kichwani mara nyingi, ila hakuna aliyeiandika, na mimi umri umeenda. Wewe je, usiku wateja wanachelewa?

Kuhusu kuvipata: vipya ni ghali na mara nyingi unaagiza, kwa hiyo tegemea mitumba kama ulivyozoea. Arusha na Moshi tuna bahati ya watalii. Wanakuja na vitabu vya kusomea uwanja wa ndege, wanapanda mlima au wanaenda mbugani, wanaviacha kwenye nyumba za wageni, na baadaye vinashuka sokoni. Lakini kabla hujalipa, fungua mwishoni. Mimi niliwahi kununua boksi zima kutoka nyumba moja ya wageni, kumbe kitabu kizuri kuliko vyote kilikuwa nusu. Mpanda mlima alikikata katikati kwa kisu ili begi liwe jepesi. Nusu ya pili nadhani iko Barafu Camp, kule juu Kilimanjaro. Vya zamani, kama Dracula cha 1897 na Frankenstein cha 1818, haki zake za kunakili zimeshakwisha, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanavitoa bure, unavisoma kwenye simu. Kuhusu maneno magumu, usikimbilie kamusi kila mstari. Hofu ni kama usingizi, ukiamshwa mara tatu haurudi. Pigia neno mstari, endelea, tafuta asubuhi.

Na mkwe. Vitabu hivi nimelala navyo chumba kimoja miaka mingi, na kilichowahi kuingia ndani kwa ajili yake ni panya. Alikula jalada la kitabu cha mapishi, cha mizimu hakukigusa. Kama nyumbani mnasali, salini, kitabu hakitagombana na sala. Ila usivisome kwa sauti mtoto akiwa macho, na usimwamshe mwenzako saa nane usiku eti akusindikize chooni, maana nina hakika swali lake limetoka hapo. Nakala yangu ya Hendrix nitaifunga kwenye gazeti nimpe kondakta wa Coaster Jumamosi asubuhi, uipokee stendi. Mpe mkeo aanze yeye. Akikataa kukurudishia, njoo Arusha, ninayo ya pili, jalada limechanika kidogo.